KUTA ZA KIWANDA NAZO NI URITHI

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi. Tumeyachapa kama yalivyosemwa. – Mhariri)



Katibu aliponiletea barua ya kunitaka niseme mbele yenu juu ya urithi wa taifa, nadhani alitazamia nitasema juu ya Kilwa au Bagamoyo. Na watu wengi wakisikia neno urithi, mara huwajia moyoni magofu ya misikiti, milango ya kuchonga, makaburi ya masultani na maboma ya Wajerumani. Vyote hivyo ni urithi, wala sina ugomvi navyo. Lakini leo nataka kuwachukua mbali kidogo, mpaka nchi ya aliyekuwa mtawala wetu, nikawaonyeshe kiwanda. Si kasri wala si kanisa. Ni kiwanda cha mpira kilichojengwa pembezoni mwa mji mdogo baada ya Vita Kuu ya Pili. Kiwanda hicho sasa hakipo. Kilibomolewa mwaka 2001. Nami nimekichagua kwa sababu hiyo hiyo, maana aliyekwisha kupoteza ndiye mwalimu wa yule ambaye bado anacho.

MJI USIO NA KAZI

Mji wenyewe huitwa Brynmawr, nao uko kusini ya Wales. Kwa lugha ya wenyeji jina hilo maana yake ni kilima kikubwa, na kweli mji uko juu, penye baridi na upepo. Wales ni nchi ndogo iliyoungana na England upande wa magharibi, yenye watu wake na lugha yake. Kwa miaka mingi watu wa mabonde yale waliishi kwa kuchimba makaa ya mawe na kuyeyusha chuma. Makaa yakateremshwa bandarini, yakaendesha meli za dunia nzima. Faida ilikwenda na meli. Vumbi likabaki katika mapafu ya wachimbaji.

Miaka ya 1920 biashara ya makaa ikaanguka, mashimo yakafungwa. Ilipofika miaka ya 1930, Brynmawr ulikuwa mmoja wa miji iliyosifika Uingereza nzima kwa ukosefu wa kazi. Wanaume wenye nguvu zao walisimama kwenye pembe za barabara, mikono mifukoni, asubuhi mpaka jioni. Ndugu zangu, hali hiyo hatuna haja ya kuelezwa na mtu. Twaijua.

Wakati huo likaja kundi la Wakristo waitwao Quakers, wakaanzisha karakana za samani na za viatu ili watu wapate mkono wa kujisaidia. Ilikuwa kazi njema, na viti na meza za Brynmawr zilisifiwa. Lakini karakana ndogo haiwezi kulisha mji mzima, na ile ya samani ikafungwa mwaka 1940. Miongoni mwa waliovutwa na jaribio hilo alikuwa tajiri mmoja kijana, Lord Forrester, mwenye kushughulika na viwanda. Msishangae kunisikia nikimtaja bwana mkubwa kwa wema. Mtu huhukumiwa kwa alilolitenda. Huyu aliona kwamba watu wa Brynmawr hawakuhitaji sadaka. Walihitaji kiwanda.

MWAKA 1945

Vita vilipokwisha mwaka 1945, wananchi wa Uingereza wakapiga kura na kuiweka madarakani serikali ya chama cha wafanyakazi. Wale waliokuwa wamelala njaa kati ya vita viwili walisema: hatutarudi kule tulikotoka. Mashimo ya makaa yakawa mali ya taifa tarehe 1 Januari, 1947. Mwaka 1948 ikaanzishwa huduma ya matibabu kwa watu wote, na Waziri aliyeisimamia, Aneurin Bevan, alikuwa mtoto wa mchimbaji kutoka Tredegar, mji ulio jirani na Brynmawr. Na mwaka ule ule wa 1945, kabla tu ya uchaguzi, ilikuwa imekwisha kupitishwa sheria ya kupeleka viwanda katika sehemu zilizokuwa zimeachwa bila kazi.

Basi kiwanda cha Brynmawr kilizaliwa humo. Lord Forrester na wenzake wakaunda kampuni ya kutengeneza vitu vya mpira, serikali ikasaidia, na kazi ya kuchora ramani wakapewa vijana waliojiunga pamoja kwa ushirika, wakijiita Architects' Co-operative Partnership, jina ambalo baadaye lilifupishwa kuwa Architects Co-Partnership. Katika ushirika huo hapakuwa na bwana mmoja mwenye jina na wengine wote watumishi wake. Injinia wao alikuwa Ove Arup, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1895 na baba Mdenishi, ambaye baadaye kampuni yake ilishughulika na jumba la opera la Sydney, lile la Australia ambalo watu hulijua kwa picha. Hesabu za paa la Brynmawr zilifanywa na Ronald Jenkins, mwenzake Arup.

JENGO LENYEWE

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye mambo.

Baada ya vita chuma kilikuwa adimu. Mtu aliyetaka kujenga paa kubwa kwa maboriti ya chuma aliambiwa angoje. Wale vijana hawakungoja. Walisema: saruji ipo, kokoto zipo, na mikono ipo. Wakatengeneza makuba 9 ya zege, yamepangwa matatu kwa matatu, yakifunika uwanja mkubwa wa kazi. Kila kuba lilikuwa pana kiasi cha kufunika nyumba kadhaa, na ndani yake hamkuwa na nguzo hata moja ya kumzuia mtu au mashine. Na unene wa zege lile? Kama upana wa kiganja changu hiki. Mkitaka kuelewa siri yake, chukueni ganda la yai. Ni jembamba, lakini kwa sababu limepindwa, hubeba uzito usioutazamia. Zege lililopindwa vizuri hufanya vivyo hivyo.

Makuba yale yalitobolewa matundu ya mviringo yenye vioo, na pembeni, pale kuba linapoinuka kama upinde, pakawekwa madirisha mapana. Mwanga ukaingia toka juu na toka pande zote. Fikirini, ndugu zangu. Mtu ambaye baba yake alishuka shimoni kabla ya jua kuchomoza, akapanda limekwisha kuzama, sasa afanye kazi mahali panapoingia mwanga wa mchana. Wale wachora ramani walisema kwa zege kwamba mfanyakazi ni mtu, na macho yake yana haki ya kuona mbingu.

Na jambo la pili. Kiwanda cha kawaida cha siku zile kilikuwa na mlango wa mbele wa mabwana, na mlango wa nyuma, karibu na jaa, wa vibarua. Brynmawr walikusudia njia kuu ya kuingilia iwe moja. Meneja na mfagizi wapite pale pale. Mimi niliyefanya kazi miaka 11 katika kiwanda cha nguo, ambacho sitakitaja jina, nikikaguliwa mfuko kila jioni kwenye kijilango cha uani huku wakubwa wakitokea mbele kwa magari, najua thamani ya mlango mmoja. Mlango ni mbao na bawaba tu, lakini humwambia mtu yeye ni nani.

MPIRA ULITOKA WAPI

Lakini tusiwe watu wa kusifu tu. Mpira hauoti Wales. Mpira ni utomvu wa mti wa nchi za joto, na siku zile Uingereza iliupata zaidi Malaya, iliyokuwa chini ya utawala wake. Nasi tuna neno letu hapo. Wajapani walipoiteka Malaya mwaka 1942, mpira ukawakatikia Waingereza. Wakakumbuka mashamba ya mpira yaliyoachwa Tanganyika tangu enzi ya Wajerumani, huko upande wa Muheza. Mashamba yakafufuliwa, na watu wakachukuliwa kwa amri ya serikali kwenda kuigema ile miti, wapende wasipende. Pana wazee waliokufa na makovu ya kazi ile.

Nalisema hili si kwa kuwatia uchungu dhidi ya mchimbaji wa Wales, ambaye naye alikuwa mnyonge. Nalisema ili mwone kwamba jengo la kiwanda ni kitabu. Ukijua kulisoma, utaona ndani yake aliyelijenga, aliyelifanyia kazi, na hata yule aliyekuwa mbali, ambaye jasho lake liliingia humo bila jina lake kuandikwa. Likibomolewa, kurasa zote hizo hupotea pamoja.

JINSI LILIVYOANGUKA

Kiwanda kilimalizika mwaka 1951. Lakini soko la mpira likawa baya, na ile kampuni ya kwanza haikudumu. Punde si punde kiwanda kikaingia mikononi mwa kampuni kubwa ya Dunlop, kikawa kinatengeneza sakafu za mpira na za aina hiyo. Kwa miaka 30 hivi makuba yale yaliwapa watu kazi. Watu walioana kwa mshahara wa pale, wakasomesha watoto. Kisha mwaka 1982 kikafungwa.

Mwaka 1986 serikali ikaliandika jengo lile katika orodha ya majengo yanayolindwa, katika daraja la juu. Lilikuwa jengo la kwanza kabisa lililojengwa baada ya vita kupewa heshima hiyo katika Uingereza nzima. Angalieni jambo hilo. Makasri yapo, makanisa yapo, mabenki ya London yapo, lakini wa kwanza kati ya majengo ya zama mpya alikuwa kiwanda cha mpira cha wachimbaji wasio na kazi.

Mngedhani basi kimepona. La! Karatasi haizibi paa. Jengo liliachwa tupu. Mvua ya Wales ni ya mwaka mzima; ikaingia, vioo vikavunjwa, kutu ikala nondo ndani ya zege. Kila mwaka gharama ya kulitengeneza ikapanda, na kila mwaka aliyetaka kulichukua akapungua. Mipango ilikuja, mipango ikaenda. Mwishowe mwaka 2001 ruhusa ya kubomoa ikatumika, na makuba yote 9 yakaangushwa. Lililobaki ni jumba la boila, lenye paa lake la upinde, likasimama peke yake kama yatima. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa hata ukuta haukujengwa.

HOJA ZA WALIOTAKA KIBOMOLEWE

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, haki inataka tuwasikilize na wale waliokubali kibomolewe. Tusiwafanye kuwa watu wabaya, maana hawakuwa wabaya.

Madiwani wa sehemu ile walisema hivi: mji wetu hauna kazi tena, kama ulivyokuwa zamani. Kiwanja hiki ni kikubwa na kiko mahali pazuri. Kwenye jengo hili bovu hapatoki mkate. Wanaolilia makuba ni wasomi wa London, ambao hawaishi hapa na hawatalipa gharama. Na baadhi ya watu waliofanya kazi humo walisema: sisi tumelia vya kutosha kilipofungwa, hatutaki kupita kila siku mbele ya maiti.

Hoja hizo ni nzito. Mtu mwenye tumbo tupu ukimwambia aheshimu zege, atakucheka, na ana haki. Mimi nikiulizwa nichague kati ya kuba na kazi ya mtu, nitachagua kazi.

Lakini je, lazima tuchague? Hapo ndipo ninapokataa. Kati ya kufungwa mwaka 1982 na kubomolewa mwaka 2001 ipo miaka 19. Miaka 19 si siku mbili. Mwaka wa kwanza paa lilikuwa zima, umeme ulikuwapo, na uwanja usio na nguzo ungefaa kwa karakana, soko, chuo cha ufundi au kiwanda kingine. Mwaka wa kumi na tisa hapakuwa tena na uchaguzi wa kweli. Palikuwa na kifusi kinachongoja siku yake. Kosa halikufanywa siku ya tingatinga. Lilifanywa polepole, kila mwaka, na watu wema waliokuwa wakisema: tutaona mwakani.

WENGINE WALIKUMBUKA MAPEMA

Wako waliofanya vingine. Katika mji wa Saint-Dié, Ufaransa, Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma mwaka 1944 waliuchoma mji. Mwenye kiwanda kimoja cha nguo, Jean-Jacques Duval, akamwomba mchora ramani maarufu Le Corbusier amjengee upya. Kilimalizika mwaka 1951, mwaka ule ule wa Brynmawr. Mwaka 2016 UNESCO iliingiza kiwanda hicho katika orodha ya urithi wa dunia, pamoja na majengo mengine ya mtu huyo. Na mwaka 2018 ikauingiza mji wa Ivrea, Italia, uliokuwa wa viwanda vya mashine za chapa za Olivetti, pamoja na nyumba za wafanyakazi. Basi hakuna tena anayeweza kusema kiwanda hakiwezi kuwa urithi. Dunia imekwisha kusema kinaweza.

NA SISI JE?

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ilipotungwa iliweka mstari katika mwaka 1863: jengo la kabla ya hapo lilindwe lenyewe kwa umri wake. Lililojengwa baadaye lingoje Waziri alitangaze. Sina lawama kwa waliotunga. Walitaka kuokoa Kilwa na Kaole, nao walifanya vema. Lakini tazameni matokeo yake katika fikira zetu. Msikiti wa Sultani unalindwa. Boma la Mjerumani, ambamo babu zetu walichapwa viboko, linapakwa rangi na watalii hupelekwa. Lakini jengo ambalo wananchi huru walilijenga ili wavae nguo waliyoifuma wenyewe, hilo twaliita banda kuukuu. Yaani twamtunza bwana shauri, twamsahau mfanyakazi!

Chukueni mfano wa Urafiki. Kiwanda kile kilijengwa Ubungo, wakati Ubungo ni nje ya mji, kwa mkopo wa China, kikafunguliwa mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha. Pamba iliingia upande mmoja, ikasokotwa, ikafumwa, ikapigwa chapa, ikatoka khanga na vitenge. Kabla ya hapo tulikuwa tukiuza pamba nje na kununua nguo kutoka nje. Nani kati ya akina mama waliokaa hapa ambaye mama yake hakuwahi kujifunga nguo ya Urafiki? Leo jina lile limekuwa jina la mtaa, na la kituo cha basi katika barabara ya Morogoro. Kijana anashuka kituoni, anasema "nishushe Urafiki", wala hajui ni urafiki gani unaosemwa, wa nani na nani.

Hilo ndilo ninaloliogopa. Jina likibaki bila jengo, na jengo bila habari, mwisho wake watoto wetu watadhani nchi hii ilijengwa na Wajerumani na Waarabu tu, nasi tulikuja kuishi ndani.

TUFANYE NINI?

Sisemi kila banda la mabati lihifadhiwe. Huo ungekuwa upumbavu. Nasema mambo matatu.

Kwanza, tujue tulicho nacho. Kila tawi lililo karibu na kiwanda cha miaka ya 1960 au 1970 liwatafute wazee waliofanya kazi humo, liandike habari zao: nani alijenga, nani alikufa, mgomo ulikuwa lini, mshahara ulikuwa kiasi gani. Kazi hii haingoji fedha. Inataka daftari na kalamu, na inataka ifanywe kabla wazee hawajaondoka.

Pili, kiwanda kikifungwa au kikiuzwa, pasipite miezi kabla watu wenye ujuzi hawajakikagua, wakakipiga picha, wakasema lipi lina thamani na lipi halina. Wajumbe wetu katika halmashauri waulize swali hilo mapema, paa likiwa bado zima. Swali likiulizwa mwaka wa kwanza lina jibu. Mwaka wa kumi na tisa halina.

Tatu, lililo na thamani litafutiwe kazi. Jengo lililotengenezwa kwa ajili ya kazi huishi kwa kazi. Chuo cha ufundi, karakana za vijana, soko, ghala: chochote kitakachofanya mtu aamke asubuhi na kuufungua mlango wake. Urithi wa mfanyakazi hautunzwi kwa kufungiwa ndani ya kioo. Hutunzwa kwa kufanyiwa kazi.

Ndugu zangu, pale Brynmawr sasa pana maduka makubwa na mahali pa kuegesha magari. Watu wananunua, wanakwenda zao. Sina neno, kununua si dhambi. Lakini mtoto wa mahali pale akimwuliza babu yake, "Wewe ulifanya kazi wapi?", babu atanyosha kidole hewani, mahali ambapo makuba yalikuwa. Sisi bado tunaweza kunyosha kidole kwenye ukuta.

Nimemaliza. Sasa naomba Mwenyekiti ayaruhusu maswali, hasa ya wale waliofanya kazi viwandani, maana wao ndio wenye habari hizi.